Asubuhi ya Kupigia Kura Lori la Theluji

Machi 2017 nilikuwa Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, nikiishi kwa mama mmoja mjane. Trump alikuwa ameingia Ikulu majuma machache tu nyuma. Kila jioni televisheni ilituonyesha Wamarekani wakizomeana, nami nilishaanza kuamini kwamba hawana tena jambo hata moja wanaloliamini kwa pamoja. Jumanne ya kwanza ya mwezi ule mama akaniambia nivae buti, twende mkutanoni.

Siku hiyo, kila mwaka, miji mingi ya Vermont huwakutanisha wapiga kura wake ukumbini waamue mambo ya mji. Hawatumi wawakilishi, huenda wenyewe. Desturi hiyo ilianza New England, eneo la majimbo ya kaskazini-mashariki ambamo Vermont imo, tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mwaka 1982, mama alinisimulia njiani, miji zaidi ya 150 ya jimbo hilo ilitumia mikutano hiyohiyo kutaka silaha za nyuklia zisiongezwe. Alijivunia hilo mno.

Tulikutana katika ukumbi wa shule ya msingi. Mlangoni nikapewa kijitabu, na humo kila matumizi ya mji yameandikwa: chumvi ya barabarani, dizeli, mshahara wa karani. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Kwetu Njombe nimekua nikiwasikia wazee wakiuliza lini tutasomewa mapato na matumizi, na mwaka unaisha hawajajibiwa. Watu wa pale walikuwa wamefika na vijitabu vyao vimeshapigwa mistari kwa kalamu.

Hoja iliyokula asubuhi ilikuwa lori jipya la kuondoa theluji. Mzee mmoja mwenye kofia ya Trump alisimama akataka lile la zamani litengenezwe. Nyuma yangu akainuka mwanamke ambaye gari lake nilikuwa nimeliona nje lina kibandiko cha Sanders, seneta wa Vermont na mpinzani wa Trump. Moyo ukanienda mbio. Kumbe alikuwa anamuunga mkono mzee: kodi ya nyumba imemwelemea. Fundi wa barabara akawapinga wote wawili, tena kwa ukali, lakini kila neno lilielekezwa kwa mwenyekiti, ambaye wao wenyewe walikuwa wamemchagua asubuhi ileile.

Waliosema ndiyo na waliosema siyo walikaribiana kwa sauti. Watu saba wakadai kura ya karatasi, na sheria ya jimbo inasema saba wanatosha. Foleni ikapangwa hadi kwenye sanduku.

Kura zilipokuwa zinahesabiwa nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaeleza kwamba asiye mpiga kura wa pale hasemi mpaka theluthi mbili ya mkutano imruhusu. Akawauliza. Mikono ikapanda, wa mzee wa kofia ukiwamo.

Nikauliza: kiongozi akikataa kuwapa kijitabu hiki, mnamfanyaje?

Mzee ndiye aliyejibu. “Haongozi tena. Fedha ni zetu.” Yule mwanamke wa kibandiko akapiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tangazo lao la Uhuru la 1776 linasema serikali hupata mamlaka yake ya haki kutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Wengi walioliweka saini walimiliki watumwa, na ilifika 1920 ndipo Katiba ya nchi ikakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke. Hilo sitalifunika. Lakini asubuhi ile niliwaona watu wasiokubaliana kuhusu rais wakiwa na imani moja isiyohitaji mjadala: aliyepewa madaraka ni wa kuulizwa, na wa kumuuliza ni mimi. Nililitamani jambo hilo kwa ajili ya kijiji chetu, na ninalitamani hadi leo.

Lori lilipita kwa kura chache. Mzee aliandika matokeo kwenye kijitabu chake, akafungua ukurasa wa pili, na hoja iliyofuata ilipoletwa akawa wa kwanza kusimama kuulizia bei ya chumvi.