Siku moja maishani mwangu: fundi laptopu, kamera ya mtumba na waya ulioninyima nyota

Saa 11 na nusu alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu, nikatoka nje na kikoi kuangalia Mlima Meru. Uko wazi mpaka kileleni, wingu hata la dawa hamna. Mama watoto akauliza toka ndani "vipi, mvua?" nikamwambia hapana, akacheka, maana anajua nikiangalia juu asubuhi namna ile usiku sitalala nyumbani. Ni katikati ya Oktoba, mwezi ni mchanga unazama mapema, vuli bado haijaanza, na usiku kama huu ukinipita nasubiri mwezi mwingine ambao ni Novemba, na Novemba huku Arusha ni mawingu tu.

Kwa wasionijua, mchana natengeneza laptopu, usiku nikipata nafasi napiga picha nyota. Mashine zangu si za kutisha, Canon 600D, toleo la 2011, niliyoinunua mkononi kwa mtu, lenzi ya milimita 200, na traka, kile kidude kinachozungusha kamera polepole ili ifuate nyota zisiburuzike kwenye picha. Jumamosi iliyopita nilienda mpaka porini nikarudi na picha sifuri kwa sababu kamera ilikuwa inakatika kwenye laptopu kila baada ya muda kidogo. Fundi laptopu nashindwa na waya wa USB, we acha tu. Leo nimeapa usiku haufiki sijajua shida iko wapi.

Saa 2 asubuhi

Nimefungua ofisi. Chalii wangu, huyu dogo anayejifunza kazi kwangu, kashafagia. Mama wa stesheneri ya jirani kaleta printa inayokula karatasi, nimeitoa kipande cha karatasi ndani, elfu tano. Mwingine kaleta laptopu imemwagikiwa chai ya maziwa. Ya maziwa na sukari ni mbaya kuliko ya rangi, hiyo nimeifungua nikaiweka pembeni.

Saa 4

Kumetulia, nikatoa kamera yangu kwenye begi. Chalii akauliza kwani lazima laptopu, si upige tu na rimoti? Swali zuri. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana Nyota ya Kaskazini, wanaelekeza traka pale wanaanza kazi. Sisi Arusha tuko digrii 3 na ushee kusini ya ikweta, ile nyota kwetu iko chini ya ardhi hatuioni kabisa, na ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaonekana kuizunguka na ndo traka yetu inatakiwa kuelekezwa, nayo iko juu ya upeo kwa digrii hizo hizo tu, yaani kwenye miti na vumbi, na hata pakiwa peupe hamna nyota ya maana pale ya kulenga. Kwa hiyo natumia N.I.N.A., programu ya bure, ina kipengele cha kupiga picha tatu, baada ya kila picha unaizungusha traka kidogo, yenyewe inazitambua nyota zilizomo halafu inakwambia umekosea kiasi gani na usogeze wapi. Unasogeza huku inaendelea kupiga na kupima. Sasa USB ikikatika katikati hapo unaanza moja, na ndo kilichonikuta Jumamosi mara sijui sita.

Nikaanza na waya wenyewe. Chalii kachomoa mmoja kwenye droo, mini USB ile ya zamani yenye kichwa kinene, nikachomeka, kamera kimya, laptopu kimya. Nikaukata makusudi nimwonyeshe. Ndani nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Nyekundu ni moto, volti 5, nyeusi ni ardhi. Waya wa data lazima uwe na mbili zaidi, nyeupe na kijani, ndo zinazobeba mazungumzo. Huu ni wa kuchajia tu, ungechomeka mpaka Krismasi usingeona kitu. Chalii kasikitika, kumbe ndo alikuwa anautumia kwenye simu yake ya zamani akilalamika simu haitoi picha.

Wangu ninaoenda nao porini nikaupima na mita, nyaya zote nne zinapita. Nikaupinda huku na huku, bado zinapita. Ila huwa nauungia ekstensheni ya mita 3 ili nikae ndani ya gari, na wenyewe una karibu mita 2, jumla tunagusa mita 5 ambazo ndo kikomo cha USB 2.0, tena na kiungo katikati. Nikaiacha kwanza, nikasema ekstensheni sitaenda nayo, nitakaa nje kwenye baridi kama mwanaume.

Saa 6 mchana

Zamu ya laptopu. Nikachomeka kamera nikafungua N.I.N.A., inasema haiioni. Nikaangalia programu zinazokimbia kwa chini, nikamkuta EOS Utility, programu ya Canon wenyewe. Huyu ukichomeka tu kamera anajifungua bila kuitwa anaishika, na kamera ikishashikwa na programu moja nyingine haiipati. Nikamfunga, nikamtoa kwenye orodha ya vinavyojiwasha vyenyewe. N.I.N.A. ikaiona hapo hapo.

Halafu kuna hii ya Windows ambayo wateja wengi inawasumbua hata kwenye modemu na hadi diski za nje: ili kuokoa chaji, Windows inazilaza poti za USB ikiona hazina shughuli. Unaingia kwenye setingi za umeme unazima hiyo kitu, halafu unaenda Device Manager, unafungua kila USB Root Hub, unatoa tiki pale inaporuhusiwa kuzimwa ili kuokoa umeme. Kila moja, usiruke. Mimi nilishazima ile ya kwanza zamani, za pili sikuzigusa. Fundi mzima. Upande wa kamera nako nikazima ile ya kujizima yenyewe baada ya muda.

Nikaweka kamera juu ya meza, picha moja kila dakika, nikaenda zangu kula.

Saa 8

Makande kwa mama ntilie na parachichi. Nimerudi, imeshapiga saa nzima na dakika ishirini bila kukatika. Nikampigia mshkaji mwenye Noah nikamwambia leo tunaenda Longido, shida nimeshaimaliza. Nilisema hivyo kweli, chalii ni shahidi.

Alasiri ilikuwa ya ile laptopu ya chai. Imewaka, kibodi imekufa.

Saa 12 jioni

Tumefika kabla ya jua kuzama, tumetoka kidogo nje ya barabara. Nimepanga stendi, traka imelala karibu sambamba na ardhi, yeyote aliyezoea picha za mitandaoni ataona nimeifunga vibaya lakini huku kwetu ndo hivyo inakaa. Lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, ukiiacha ijitafutie fokasi yenyewe gizani kamera itagoma kupiga na utamlaumu waya wa watu bure.

Mzee mmoja alikuwa anarudisha ng'ombe akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ni wapima ardhi?"

Nikamwambia hapana mzee wangu, tunapiga picha nyota, nikamwonyesha kwenye simu picha ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, niliyoipakua, nikamwambia ndo tunachosubiri leo. Akaishika simu muda mrefu. Akasema hizo wazee wao walikuwa wanaziangalia kwa ajili ya mvua. Nikamwambia hata bibi yangu Tanga alikuwa anasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na jina lenyewe wanasema ni la kulima. Akacheka akasema "sasa sisi hatulimi" akaondoka na ng'ombe wake.

Saa 2 usiku

Giza limekamilika. Nimechomeka, N.I.N.A. imeiona kamera bila ubishi. Picha ya kwanza, nyota zimetambulika. Nimezungusha traka, picha ya pili, safi. Nimezungusha tena, laptopu ikatoa ule mlio wake wa kuaga, tu-duu. Kamera haipo.

Nilitukana, sitaandika hapa. Nikachomeka upya nikaanza tena, ya kwanza safi, ya pili tu-duu. Nikaanza kuwaza draiva, nikawaza ile betri bandia ninayolishia kamera umeme toka kwenye betri ya volti 12, labda umeme unashuka. Lakini kioo cha kamera kilikuwa kinawaka muda wote, yaani bodi ina umeme, kilichokufa ni mazungumzo tu.

Chalii kajikunyata na jaketi lake akasema, "Bro, mbona inakatika ukizungusha tu? Kule ofisini si ilikuwa imelala?"

Nikamwangalia. Kule ofisini kamera ilikaa mezani kama maiti saa nzima na dakika ishirini, haikusogea hata nukta. Na Jumamosi kila ilipokatika ilikuwa picha ya pili au ya tatu, nakumbuka vizuri, sema sikuijumlisha.

Nikang'ata tochi nyekundu mdomoni, nikashika kichwa cha waya pale kinapoingia kwenye kamera nikakisukuma kwa kidole kidogo sana, labda milimita moja kwenda chini. Tu-duu. Nikakirudisha juu, ikaimba kurudi. Chini, tu-duu. Soketi ya kamera yenyewe imelegea, mwenye nayo wa kwanza sijui alikuwa anachomeka na nyundo. Waya unaning'inia, uzito wake wote unavuta kichwa chini, kamera ikigeuka upande unavuta zaidi, pini zinaachia. Mchana niliupinda waya huku na huku nikaupima, soketi sikuigusa kabisa.

Pasi ya kusolda iko Arusha na soketi mpya sina. Nikamuuliza mshkaji kwenye Noah kuna nini, akatoa mpira wa tyubu ya baiskeli aliofungia spea. Nikaukata vipande viwili. Cha kwanza nikaufunga waya kwenye ile pete ya mkanda wa kamera, nikaacha kitanzi kidogo kati ya pete na soketi ili kichwa kikae kimelegea kisivutwe na chochote. Cha pili nikafunga waya kwenye mguu wa stendi, nikaacha ulegevu wa kutosha traka izunguke mpaka mwisho wake. Nikazungusha kwa mkono kutoka upande mmoja hadi mwingine huku chalii ameweka sikio kwenye laptopu. Kimya. Picha tatu zikapita, nikasogeza traka inavyotaka mpaka kosa likawa dogo, ilinichukua robo saa.

Saa 4 na nusu usiku

Kilimia kimeshapanda kaskazini mashariki, juu ya vumbi la upeo. Kwa macho naona sita, chalii anadai saba, ana macho ya ujana. Sekunde 60 kila fremu, ISO 800. Ya kwanza imeshuka kwenye kioo cha laptopu na ule ukungu wa bluu unaanza kuonekana hafifu kuzunguka nyota, mwanga uliotoka kule zaidi ya miaka 400 iliyopita ukaja kupita kwenye waya uliofungwa na tyubu ya baiskeli. Mshkaji kaangalia akasema "mbona kama lenzi imepata mvuke?" Nikamwambia kaa nayo, nikizijumlisha zote utaona.

Baada ya hapo hamna stori, ni kukaa. Chai ya tangawizi kwenye chupa, baridi la maana, kila dakika na ushee klik. Lori moja la Namanga limetumulika likaharibu fremu moja. Chalii kalala kwenye siti ya nyuma.

Saa 7 kasoro usiku

Fremu 126, ukitoa ya lori 125. Haijakatika hata mara moja. Nimefungasha vyote ila mpira wa kwenye pete sijaufungua, utakaa hapo hapo mpaka niipate hiyo soketi.

Saa 9

Mama watoto kanifungulia mlango akiwa nusu usingizini.

"Ilikatika?"

"Haikukatika."

"Haya lala, saa mbili una wateja."