Mwanga Ule Haukuishia kwa Inyasi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

"Tazama, mbingu hazikutoshi, wala mbingu za mbingu, sembuse nyumba hii niliyoijenga!" (1 Fal 8:27)

Ukiingia kanisa la Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wayesuiti, kule Roma utakuta watu wamepanga foleni, na si ya kitubio. Wanasubiri kioo. Kimelazwa kikitazama dari; unatumbukiza sarafu, taa zinawaka, unapiga picha ya uso wako ukiwa na mbingu nyuma.

Siwalaumu. Dari ile ni kazi ya Andrea Pozzo, bruda Myesuiti, aliyeimaliza mwaka 1694. Kwa rangi tu alizirefusha nguzo za kanisa mpaka paa likatoweka, na malaika wakaelea mawinguni. Sakafuni kuna duara la marumaru: ukisimama hapo, nguzo zote ziko wima, ukisogea kando, zinainama kama zinazotaka kukuangukia. Hata kuba lililo mbele yake si kuba. La kweli halikujengwa, basi mwaka 1685 wakapandisha turubai lililochorwa, upana wake mita 17 hivi.

Ila mimi hunivuta zaidi mwanga uliochorwa darini. Unatoka kwa Baba, unapita kwa Mwana, unamchoma Inyasi kifuani, wala hauishii hapo. Unagawanyika kwenda kwenye mabara manne, kama yalivyohesabiwa enzi zile. Afrika yetu imo, imekaa juu ya mamba! (Mamba tunao, hatubishi.) Inyasi hakuzuia hata mwali mmoja uwe wake. Kile kioo cha chini, kwa upande wake, kazi yake ni kumrudishia mwenye simu uso wake.

Tuna haki ya kupiga picha. Lakini mgeni gani huanza kupiga picha sebule kabla hajamwamkia mwenye nyumba? Taa ya tabernakulo, pale inapohifadhiwa Ekaristi, haidai sarafu.

Na upande wa kulia, ndani ya kasha la jiwe la buluu, amelala Aloisi Gonzaga. Alizaliwa mrithi wa utawala, akauacha, akaingia utawani. Tauni ilipoikumba Roma aliwaombea wagonjwa sadaka na kuwabeba kwa mikono yake, mpaka naye akaugua. Alifariki tarehe 21 Juni 1591, akiwa na miaka 23. Foleni ya kioo ikiwa ndefu, nenda kwanza ukasali kwake, hasa kama una mgonjwa nyumbani ambaye hujamtembelea wiki hii.