Koti la baba mdogo

Mwaka 2016 kantangaze alikuwa ameshatutia adabu wakulima wa nyanya wa Ilula. Kiwavi mdogo, lakini akiingia ndani ya jani linabaki kama karatasi iliyoungua. Kila mtu alikuwa na mchanganyiko wake wa dawa za kuulia wadudu. Wa baba mdogo ulikuwa vizibo viwili vya profenofosi na kimoja cha dawa isiyo na lebo aliyopewa na jirani, vyote ndani ya bomba moja la lita 16.

Bomba lenyewe lilikuwa linavuja kwenye kifuniko. Kila akiinama, dawa ilimtiririkia mgongoni, ikanywewa na koti lake la mtumba alilolipenda kuliko nguo zote. Mimi kazi yangu ilikuwa kuteka maji. Nozeli ikiziba aliichomoa, akaipuliza kwa mdomo, akaendelea.

Saa saba mchana aliketi kwenye tuta akasema kichwa kinamgonga na macho yanaingia ukungu. Tukasema malaria. Malaria kwetu imesingiziwa mengi. Nilimkokota hadi nyumbani, jasho linamchuruzika huku akilalamika baridi, nikamlaza na kumfunika. Kwa koti lile lile.

Mama mdogo alimpa panado. Haikupita nusu saa mate yakaanza kumtoka kama mtoto anayeota meno, akatapika, haja ikamponyoka. Nyama za begani zilikuwa zinachezacheza zenyewe chini ya ngozi. Jirani akaja mbio na jagi la maziwa, maana kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu. Alipolazimishwa kuyanywa yakampalia, na hapo ndipo kifua kilipoanza kukoroma. Sumu ile maziwa haiyajui.

Tulipanda bodaboda mshikaki, yeye katikati, hadi kituo cha afya. Tabibu wa zamu alimfunua kope, akammulika kwa tochi. Chumba kilikuwa na giza, lakini mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akainama, akanusa.

"Alikuwa anapiga dawa?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hili koti, nani kamfunika?"

Mama mdogo aliniangalia. Nilitazama sakafu.

Alivaa glavu, akanirushia na mimi jozi, akazichana nguo zote kwa mkasi. "Muda wote huu lilikuwa linamnywesha sumu kupitia ngozi." Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele hadi kucha, huku muuguzi akitafuta mshipa.

Kisha atropini, sindano ya kupambana na sumu hiyo. Miligramu 2; baada ya dakika 5 akampa 4; baada ya 5 nyingine akampa 8. Nilidhani anamuua. Alinieleza huku stethoskopu ikiwa masikioni: sumu hii hufunga kimeng'enya kinachozima ishara za neva, kwa hiyo kila tezi hufunguka isijue kufunga, na mtu huzama katika maji ya mapafu yake mwenyewe. "Mboni siziangalii tena," alisema. "Nasikiliza kifua." Mapigo ya moyo yaliyokuwa 52 yalipanda hadi 96, koromo likakatika, midomo ikakauka. Vichupa vitupu vilijaa kwenye sahani.

Usiku baba mdogo alianza kuchuma nyanya. Alizichuma hewani, moja moja, akizigeuza kuangalia kama zimeiva, akizipanga kwenye tenga lililokuwa blanketi. Mama mdogo alilia akijua akili imeruka. Tabibu alicheka kidogo, akasimamisha dripu ya atropini kwa muda, kisha akairudisha kwa kiasi kidogo: kipimo kilikuwa kimezidi.

Tulikaa siku 4. Kila asubuhi tabibu alimwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto bila kusaidiwa, kwa sababu sumu hiyo yaweza kurudi kinyemela, ikalegeza shingo kwanza halafu misuli ya kupumulia. Kila asubuhi aliinua, nami nikapumua pamoja naye.

Tuliporudi kulikuwa na kibaridi cha jioni, na baba mdogo akauliza koti lake liko wapi. Nilikuwa nimeshalitumbukiza kwenye choo cha shimo, pamoja na mfuko lililotiwa. Nikamwambia limepotea kituoni. Alilisikitikia njia nzima, na mama mdogo hakusema neno.