Kabla ya Kuondoa Kifusi

Jengo la kale likishapigwa bomu, wa kwanza kuingia ni mtegua mabomu, si fundi. Kisha kamera. Picha zitaunganishwa na kompyuta kuwa modeli ya jengo, kwa hiyo ziingiliane kwa asilimia 70 hivi, rula ionekane ndani, na upige kukiwa na mawingu. Jua kali la saa saba kama hili letu la Nairobi huleta vivuli vinavyovuruga modeli hiyo.

Gawa kifusi kwa miraba ya mita moja au mbili. Mahali jiwe lilipoangukia ndipo panapodokeza lilikotoka, kwa hiyo greda likishapita, ushahidi umekwisha. Namba ya kila jiwe iandikwe upande utakaofichwa na chokaa wakati wa kujenga upya, pamoja na kibati cha alumini kilichofungwa kwa waya. Chaki hufutwa na mvua moja tu. Rangi ya mafuta usoni mwa jiwe nayo haitoki.

Kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, liliporomoka 1945. Kifusi chake kilianza kuchambuliwa 1993, likafunguliwa tena 2005, na mawe ya zamani bado yanaonekana meusi ukutani.

Kwenye kuta za matumbawe, kama za Lamu au Mogadishu, achana na saruji. Hufungia unyevu, chumvi ikajikusanya ndani ya jiwe na kulimomonyoa. Tumia chokaa, hata mkandarasi akinung'unika kwamba inachelewa kukauka.