Mwanamke wa Wimbo wa Tatu

Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila meli yao ilipotia nanga Kilindini alishuka na sahani mpya za santuri. Usiku mmoja wa mwaka 1988, nyumbani kwake Kuze, aliniwekea albamu ya nne ya Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, ile ya 1971. Jaladani hapana jina la kundi, ni mzee tu aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na shida yangu ilikuwa "Stairway to Heaven", wimbo wa nne upande wa kwanza. Nikamwomba aruke mitatu ya mwanzo. Akakataa katakata.

Wimbo wa pili ulipoanza akaniambia nisikilize piano iliyo nyuma ya magita. Anayeipiga ni Ian Stewart, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Rolling Stones, aliyeondolewa kwenye safu yao mwaka 1963 kwa sababu meneja aliona sura yake haifai. Hakuwasusa. Aliendelea kusimamia safari zao na kuwapigia piano. Led Zeppelin walipojifungia kurekodi Headley Grange, jumba kuukuu huko Hampshire, Uingereza, walitumia studio ya Rolling Stones iliyojengwa ndani ya lori, na Stewart akawa nao. Mjomba alimtaja kwa heshima kama anayemtaja nahodha wake.

Kisha ukaja "The Battle of Evermore". Hauna ngoma hata kidogo. Mpiga gita wao, Jimmy Page, aliutunga kwa mandolini ya mwenzake John Paul Jones, baada ya kuiokota tu usiku mmoja mle jumbani. Mwimbaji wao, Robert Plant, akaanza kuhadithia habari za vita, na ghafla mwanamke akamjibu.

Mkaza mjomba alikuwa jikoni. Huyu ndiye aliyekuwa akiitwa kuongoza nyimbo kwenye harusi za mtaani kwetu, na muziki wa mumewe kwa kawaida aliuita kelele. Akatoka na mwiko mkononi.

"Nani huyo anayeitikia?"

Mjomba akatoa mfuko wa ndani wa sahani, akamsomea: Sandy Denny. Penye jina pana alama yake, pembetatu tatu zilizogusana. Wanne wa kundi walijichagulia alama kila mmoja yake, na mgeni naye akapewa nafasi ya kuchagua. Alikuwa mwimbaji wa nyimbo za jadi za Kiingereza, aliyepata jina na kundi la Fairport Convention. Katika albamu zote za Led Zeppelin, hakuna mwimbaji mwingine mgeni aliyepewa sauti ya kuongoza.

"Anaitikia kwa nguvu zake zote," mkaza mjomba akasema. "Sikiliza, yule mwanamume hampi nafasi ya kuvuta pumzi. Huyu atatoka hapo koo limekauka."

Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni tu, na maneno ya wimbo hayakumhusu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Sandy Denny mwenyewe alisema hivyo hivyo: walianza taratibu, lakini kufikia mwisho sauti ilikuwa imemkauka kwa kumfukuzia Plant. Nilifurahi mno, maana nimewahi kusoma wachambuzi wengi wa albamu hii na wengi wao huupita wimbo wa tatu mbio mbio kuuwahi wa nne. Kwangu mimi wa tatu ndio moyo wa upande ule.

Wimbo wa nne ulipoingia usiku ule, mkaza mjomba akaamuru sindano irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Safari hii akaimba pia, bila maneno, akiingia kila mwanamke alipoingia, na Mjomba akajaribu sehemu ya Plant ikamshinda.

Sote watatu hatukujua kwamba Sandy Denny alifariki Aprili 1978, akiwa na umri wa miaka 31. Nilipokuja kujua, nilimpigia simu mkaza mjomba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama marehemu aliacha mtoto. Nikamwambia aliacha binti mchanga, hajatimiza mwaka.