Nguzo ya Mussolini kando ya Ziwa Michigan

Wanaokwenda Soldier Field, Chicago, kutazama mpira wa Kimarekani hupita karibu nayo bila kugeuza shingo. Mimi niliifuata makusudi, nikashika njia ya baiskeli kati ya uwanja na Ziwa Michigan, upepo ukitaka kuondoka na kofia yangu. Ni nguzo moja tu ya mawe, iliyotolewa Ostia, bandari ya kale ya Roma. Aliyeileta zawadi ni Mussolini, dikteta wa Kifashisti wa Italia.

Nilichuchumaa kusoma maandishi ya kwenye kitako. Yamelika mno, ikabidi nifuatishe herufi kwa kidole. Yanasema Italia ya Kifashisti, kwa amri ya Benito Mussolini, inaitoa nguzo hii kwa kumbukumbu ya kikosi cha Balbo kilichovuka bahari kwa ujasiri wa Kirumi, mwaka wa 11 wa enzi ya Kifashisti. Hata kalenda walijitungia!

Safari yenyewe haikuwa uongo. Julai 1933 Italo Balbo, waziri wa jeshi la anga wa Italia, aliondoka Orbetello, Italia, na ndege 25 za kutua majini. Moja ilipata ajali Amsterdam; 24 zikapitia Iceland na Kanada, zikatua ziwani hapa wakati wa maonyesho ya dunia. Lindbergh, rubani Mmarekani, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Hawa walivuka kama gwaride, na nadhani ujanja ulikuwa hapo: rubani mmoja akifanikiwa, sifa ni zake, kikosi kizima kikifika, sifa humwendea aliyekituma. Chicago ikaipa barabara moja jina la Balbo, Rais Roosevelt akamwalika mezani. Kwamba huko Ferrara, Italia, aliongoza magenge ya Kifashisti ya mashati meusi yaliyowapiga wapinzani, nani angeuliza siku ile?

Nami, Mwafrika niliyechuchumaa pale, niliikumbuka Ethiopia. Haikupita miaka 3 baada ya shangwe hizo, ndege za Italia zikawa zinawamwagia watu wa huko gesi ya sumu. Kwenye kitako hakuna aliyerudi kuongeza mstari. Balbo mwenyewe alidunguliwa na mizinga ya Waitaliano wenzake, Tobruk, Libya, Juni 1940.

Mwaka 2018 lilitolewa pendekezo barabara hiyo ya Balbo ipewe jina la Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyefichua mauaji ya Wamarekani weusi. Wenye asili ya Italia wakapinga, Wells akapewa barabara nyingine. Balbo Drive ingalipo. Niliivuka kwa miguu nikitafuta chakula.