Kutoka Bukoba hadi Bigodi, Kutafuta Dawa ya Mvule

Miche yangu ya mvule ilianza kuvimba majani ikiwa na miezi mitatu tangu tuipande. Vilianza vinundu vya kijani kama punje za mtama, vikanenepa kufikia maharage, vikapasuka, vikaoza, na ncha ya mche ikaoza navyo. Tulikuwa tumepanda 200 nyuma ya madarasa, mistari imenyooka kama gwaride, kwenye kipara kilichobaki baada ya kung'oa mikalitusi. Mwaka ulipogeuka niliihesabu: 11. Mwalimu mkuu hakusema neno. Alikuwa akipita pale asubuhi, anatazama, anaendelea na safari yake, nami nikajua nadaiwa.

Dereva mmoja wa malori anayepita Uganda ndiye aliyeniambia habari za mzee wa Bigodi, kijiji cha magharibi mwa Uganda, mwenye kitalu cha miti ya asili. Likizo ilipofika nikapanda basi.

Ukivuka mpaka wa Mutukula unaona migomba ileile ya kwetu Kagera, na masikio yanakamata neno hapa na pale, maana Kihaya na Kiganda ni ndugu. Bahati yangu basi likafa kabla ya Masaka. Tulikaa kando ya barabara saa tatu nzima, kondakta akiapa kila baada ya nusu saa kwamba fundi yuko njiani. Mwenye shamba la jirani akanihurumia, akanipeleka kuona mutuba wake, mti wa nguo za gome. Shina lilikuwa limefungwa majani ya migomba toka chini hadi kwenye matawi, kama mgonjwa wa kuungua. Alikuwa amebandua gome la kutengenezea lubugo, ile nguo ya gome ambayo ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mti haufi. Unaota gome jipya na mwakani anabandua tena. Yeye alisema Kiganda, mimi nikajibu Kihaya, tukaelewana nusu, na ile nusu ilitosha. Kiswahili sikukijaribu. Kwa wazee wengi wa Buganda bado kinanuka buti za askari, hata kama baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi.

Kinamasi cha Lwera nilikipita jua likizama: mabwawa yaliyochimbwa mchanga, mashamba ya mpunga, na mafunjo yaliyobanwa katikati. Kampala nililala tu. Kesho yake basi la Fort Portal lilipita Mubende, na abiria wa pembeni akanionyesha kilima chenye mti wa Nakayima, ambako watu bado wanapeleka sadaka. Niliona kilima. Mti sikuuona.

Fort Portal nikaingia teksi ya Kamwenge (teksi kwao ni kile tunachokiita kipanya), na humo ndimo nilipokisikia Kiswahili kimejaa. Walikuwa Wakongomani wa Rwamwanja, kambi iliyopokea watu wa Kivu ya Kaskazini tangu 2012, wanarudi kutoka sokoni. Mama aliyekaa nami alikuwa na beseni mapajani, ndani yake miche ya mkalitusi imebanana kwenye viriba. Nikauliza kwa nini mkalitusi.

"Kuni iko shida, baba," akasema. "Huu unakua mbio."

Nilikuwa na hotuba tayari. Nimewahi kuitoa mbele ya wazazi, juu ya chemchemi yetu iliyopungua na udongo usioota kitu chini ya mikalitusi. Nikaimeza. Huyu mama amepewa kipande cha ardhi cha kulima na kuishi, kuni anazifuata mbali, nami ningemwambia asubiri mvule miaka hamsini? Nilimsaidia kushika beseni kwenye kona.

Kisha msitu ukatumeza. Barabara ya lami inakata Kibale katikati, nyani wamekaa ukingoni kama wanangoja nauli, na hewa inapoa ghafla hata kondakta anapunguza kelele.

Mzee nilimkuta Bigodi, nyumba yake haiko mbali na kinamasi cha Magombe, kile ambacho wanakijiji wenyewe wamekitunza tangu mwaka 1992 na kutembeza wageni wa kuangalia ndege. Kiswahili chake ni cha mgodini. Alifanya kazi Kilembe, kwenye shaba, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1982. Jambo la kwanza alinipa empaako, jina la heshima la Kitooro, akasema hawezi kuongea na mtu asiye nalo. Nikawa Araali.

Nilimtolea simu nikamwonyesha picha za miche yangu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, umewaandalia wadudu meza."

Ni mdudu mdogo sana, akanieleza, anayetaga mayai kwenye machipukizi ya mvule. Watoto wake wakianza kufyonza, jani linajivimbia kuwafunika. Ukipanda mvule mtupu, tena juani, mche mmoja unaambukiza wa pili kama surua bwenini. Msituni haukui hivyo. Unaota mmoja huku, mwingine kule, katikati ya miti mingine, kwenye kivuli chepesi, na mdudu anapata tabu kuufikia. Dawa niliyoisafiria siku mbili ilikuwa kwamba nichanganye.

Kitalu chake hakina mstari hata mmoja. Juu ameweka matete kupunguza jua. Chini viriba vimekaa kwa makundi, na kila kundi lina hadithi. Kuna mti ambao magome yake huuzwa ng'ambo kwa dawa ya tezi dume: mbegu yake haiwekwi akiba, ukiiacha ikauke imekufa, kwa hiyo anaiokota na kuiatika upesi. Kuna musizi, ambao mbegu yake ni ngumu, huiloweka na bado huota kwa kudokoa, mmoja leo, mwingine baada ya miezi. Hapo na mimi nikapata la kumwambia. Kwetu Tanzania, milima ya Usambara, musizi uliletwa, ukapandwa Amani, hondohondo wakautawanya, na sasa unasumbua miti ya huko. Alinitazama kama nimemtukania mtoto. "Musizi wangu huu?" Huohuo, mzee. Kosa lilikuwa safari yake.

Jioni tulitembea ukingoni mwa hifadhi. Kibale ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, watu waliingia upande wa kusini, wakafyeka, wakalima, na mwaka 1992 wakaondolewa. Msitu haukurudi haraka kama watu walivyodhani. Yalirudi matete, marefu kuliko mtu, yanaziba jua kwa mche wowote, na kiangazi yanawaka. Mwaka 1994 ukaanza mradi kwa fedha za Waholanzi wa kupanda miti ya asili inyonye hewa ya ukaa, na mzee akapata kibarua.

"Watu wanafikiri kazi ilikuwa jembe. Ilikuwa panga." Kufyeka matete kuzunguka kila mche, yakirudi unafyeka tena, msimu kwa msimu, na kulima barabara za kuzuia moto. Tembo wakipita wanakanyaga, mnaanza upya. Lakini miti ikishafunga kivuli, matete yanakufa yenyewe, na hapo wanaingia hondohondo na nyani na mavi yao yenye mbegu. Aina nyingi zilizopo leo, mzee anasema, hakuna mtu aliyezipanda.

Nikauliza waliokuwa wakilima pale walikwenda wapi. Alitembea kidogo bila kujibu.

"Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nikaja kupanda miti juu ya shamba lake."

Sikuuliza zaidi. Juu yetu mbega wekundu walikuwa wanarukaruka wakitafuta pa kulala.

Asubuhi nilimwomba mbegu za mvule. Alikataa. Pale kwake mvule ni michache, na hata angekuwa nayo, mpakani wangeninyang'anya. "Okota za kwenu, zinaijua mvua ya kwenu. Tafuta penye popo." Popo ndio wanaokula tunda la mvule na kumwaga mbegu. Mkewe akanifungia kikapu kidogo cha ukindu, na ndicho pekee nilichomwonyesha afisa wa Mutukula aliponiuliza kama nina mimea.

Wiki ya kwanza ya muhula tulikwenda na klabu ya shule kwenye mvule mkubwa nyuma ya kanisa. Tulitandika mikeka, tukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Viliangukia vimikia vya maua, vyembamba vyeupe, si tunda hata moja. Mvule una dume na jike, na wetu ni dume.

Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao. Kisha mtoto mmoja wa darasa la sita akanyoosha kidole: bibi yake Kiziba ana mvule uani, na kila mwaka popo hawamwachi alale. Jumamosi tunakwenda na mikeka.